Kuifufua Breki ya Mbele ya Pikipiki ya Zamani

Pikipiki ninayoiendesha ni Honda CG125 aliyoniachia baba, ile ya umeme wa volti 6. Alizunguka nayo vijijini akiwa bwana shamba, na kuhusu breki alinifundisha jambo moja tu: ya mbele usiiguse, itakuangusha. Nililishika neno hilo hadi siku nilipokuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo na mzigo nyuma, nikitegemea mguu peke yake. Katikati ya kona, kikanyagio kilianza kuzama bila jibu. Ngoma ya nyuma ilikuwa imepata moto na shuu (viatu vya breki) hazishiki tena. Nikavuta ya mbele. Haikuniangusha, maana haikufanya kitu chochote. Niliokolewa na gia ya kwanza pamoja na mchanga wa ukingoni, upande wa mlimani na si wa bondeni.

Nilipoifungua breki hiyo ya mbele nilikuta grisi imetapakaa ndani ya ngoma. Gereji iliyobadilisha beringi ilikuwa imejaza grisi bila kipimo, na ikarudisha sili iliyochakaa. Nilikuwa nimetembea miezi mingi bila breki ya mbele, na sikujua kwa sababu nilikuwa nimefundishwa nisiiguse.

Naandika mwongozo huu kwa sababu naona hofu ile ile kwa vijana wengi wa bodaboda. Wapo wanaoilegeza breki ya mbele makusudi, na wapo wanaong'oa waya kabisa. Lakini unaposhika breki, uzito wa chombo na wako wewe unaegemea mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linabaki jepesi, ndiyo maana la nyuma ndilo huserereka upesi. Nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Breki ya mbele inayoangusha ni ile mbovu inayonasa ghafla, au ile iliyokamatwa kwa pupa juu ya mchanga au usukani ukiwa umekatwa. Ikitengenezwa vizuri inaingia taratibu, inaongezeka kadiri unavyovuta, na inaachia mara moja.

Maelezo haya ni ya breki ya ngoma yenye kamu moja (kipande kinachogeuka na kuvitanua viatu), inayovutwa kwa waya. Ndiyo iliyo kwenye CG, kwenye XL125, kwenye Yamaha AG100 na ndugu zao wengi wa miaka ya 1970 na 1980. Breki ya diski, iliyoanza kuzoeleka baada ya Honda CB750 ya mwaka 1969, ina mafuta na pistoni na inahitaji somo lake. Kama una Triumph au BSA ya Uingereza yenye kamu mbili mbele, mengi ya haya yanakuhusu, ila uongeze hatua moja: fimbo inayounganisha mikono miwili ya kamu irekebishwe hadi viatu vyote viwili viguse ngoma kwa wakati mmoja.

Kabla ya kufungua

Isikilize kwanza. Leva ikiwa ngumu kama unavuta jiwe na chombo hakisimami, lainingi za shuu zimeng'aa au zimelowa mafuta. Leva ikiwa laini na ndefu, tazama waya na marekebisho. Ukihisi leva inasukumasukuma vidole kwa mapigo yanayofuata mzunguko wa gurudumu, ngoma haiko duara. Leva isiyorudi ina waya mkavu au kamu iliyokauka kwenye tundu lake. Kelele ya mluzi mara nyingi ni vumbi tu, au kingo za lainingi zilizoachwa kali.

Honda nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa kamu na alama kwenye sahani ya breki, ile inayobeba shuu. Vuta leva hadi mwisho, mtu mwingine atazame. Mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, hata kama breki bado inakamata.

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati na uweke kasha imara la mbao chini ya injini, gurudumu la mbele likae hewani. Legeza nati ya kurekebisha chini, toa waya wa breki, kisha fungua waya wa spidomita. Toa kotapini, fungua nati ya ekseli, vuta ekseli huku umeshikilia gurudumu kwa goti. Kuna bushi ndogo upande wa pili, nayo hupenda kudondoka na kuviringika. Ipige picha mahali ilipo kabla haijatoka. Gurudumu likikataa kutoka, au sahani ikigoma kuachana na ngoma, usipige nyundo. Ngoma iliyolika hujenga ukingo mdomoni, na shuu hunasa hapo. Sukuma mkono wa kamu urudi kabisa, tikisa sahani huku na huku, itatoka.

Vumbi

Hapa nakuomba utulie. Lainingi za miaka ile zilikuwa na asbesto kwa kawaida, na zilizofungwa humo zamani huenda bado zinayo. Vumbi lake halionekani likiingia, na madhara yake kwenye mapafu huchukua miaka mingi kujitokeza. Usilipulize kwa mdomo. Usilipulize kwa kompresa, jambo ninaloliona kila wiki kwenye gereji za barabarani, na watoto wamesimama pembeni. Loanisha ndani yote kwa maji yenye sabuni kabla vumbi halijapaa, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa hicho na shuu kuukuu vifunge kwenye mfuko wa plastiki vingali vibichi na uvitupe. Barakoa ya kitambaa haitoshi kwa kazi hii, kwa hiyo kinga yako ni maji.

Kutoa na kukagua

Viatu vya breki, ambavyo dukani utaviita breki shuu, vimeshikwa na springi mbili. Usizichokoe kwa bisibisi. Shika viatu vyote viwili kwa mikono miwili, vikunje kuelekeana kama unayefunga kitabu, vitainuka vyenyewe juu ya kamu na pini. Weka alama kipi kilikuwa wapi, hasa kama unakusudia kuvirudisha.

Inafaa ujue kwa nini nafasi zina maana. Kiatu kimoja ngoma hukipitia kuanzia upande wa kamu, na msuguano wenyewe hukivuta kijibane zaidi. Cha pili hupitiwa kuanzia upande wa pini, nacho msuguano hukisukuma kirudi. Kila kimoja kimejisaga kwa umbo la nafasi yake, na ukivibadilishana vitagusa ngoma kwa ncha tu.

Pima unene wa lainingi, yaani ule ukanda mgumu uliogandishwa juu ya kiatu. Kwa Honda ndogo, milimita 2 ndio mwisho wake. Ikiwa nene lakini inang'aa kama sahani ya kauri, ikwangue kwa msasa wa mkwaruzo mkubwa juu ya ubao bapa hadi rangi ya vumbi irudi, ukiwa umeiloanisha. Ikiwa imelowa grisi au oili, itupe. Najua wanaozichoma kwa moto ili mafuta yatoke. Yanatoka ya juu, ya ndani yanabaki, na siku ngoma itakapopata joto yatapanda tena juu, na siku hiyo utakuwa kwenye mteremko.

Kisha tafuta mafuta yalikotoka. Kwenye CG, gia ya spidomita imekaa kwenye sahani ya breki yenyewe, nayo inahitaji grisi. Sili yake ikichakaa, grisi inavuja hadi kwenye shuu. Kubadilisha shuu bila sili ni kuchelewesha tatizo lile lile.

Ngoma ikague kwa jicho na kwa ukucha. Pitisha ukucha toka mdomoni hadi ndani. Mikwaruzo midogo isikutishe, lakini mfereji unaonasa ukucha ni kazi ya fundi wa kukereza. Kipenyo pima kwa vania, sehemu tatu tofauti. Honda nyingi ndogo zina ngoma ya milimita 110, na kikomo chake ni 111; mara nyingi namba ya kikomo imechorwa kwenye haabu yenyewe, yaani kitovu cha gurudumu. Vipimo vitatu vikipishana, ngoma imekuwa yai. Kabla ya kukereza kagua spoku. Spoku zilizokazwa bila usawa huivuta haabu ipinde kidogo, kwa hiyo ngoma hukerezwa gurudumu likiwa limeshafungwa spoku na kunyooshwa. Aliyekereza haabu tupu na baadaye akafunga spoku atalipa mara mbili.

Kamu na mkono wake

Hii ndiyo sehemu ninayoiona inadharauliwa kuliko zote. Kamu ni kipande cha chuma chenye bapa mbili, kimekaa katikati ya vichwa vya viatu. Waya ukivuta mkono wa nje, kamu inajigeuza na kuvitanua viatu. Iweke alama na mkono wake kwanza: Honda wamepiga nukta kwenye vyote viwili, kama huzioni piga zako kwa sentapanchi. Toa mkono, vuta kamu nje. Kwenye pikipiki yangu ilikataa kutoka. Kutu ilikuwa imeishika kwenye tundu la sahani, nikaiwekea mafuta ya kupenya jioni, asubuhi ikazunguka kwa plaizi. Isugue kwa msasa laini hadi ing'ae, safisha tundu, paka grisi ya kustahimili joto kiasi cha filamu tu, kwenye mhimili na kwenye bapa zinapogusa viatu. Ukiona grisi inajikusanya ukingoni, umezidisha, ipanguse. Pini ya upande wa pili nayo ipate filamu ile ile.

Sasa nguvu ya breki. Waya unavuta kwa nguvu zake zote pale tu unapokutana na mkono wa kamu kwa pembe ya digrii 90. Ni kama kufungua mlango mzito: ukisukuma kwa kuulenga moja kwa moja unakwenda, ukiusukuma kwa mshazari kuelekea bawaba unapoteza nguvu. Kwa hiyo breki iliyopangwa vizuri ni ile ambayo wakati shuu zinapokandamiza ngoma, waya na mkono vinafanya kona ya mraba. Shuu zikisagika, mkono unasafiri mbali zaidi, kona inapitiliza, na vidole vyako vinafanya kazi kubwa kwa matokeo madogo.

Basi mtu anafanya nini? Uzi wa kurekebishia ukiisha, anatoa mkono na kuurudisha jino moja nyuma kwenye meno ya kamu. Leva inakuwa fupi, waya unakaa tena kwenye kona, na mwenye chombo anaondoka akishukuru. Lakini kamu ndani haijarudi. Bapa zake zimekwisha geuka karibu kusimama, na shuu zikisagika kidogo tu zaidi, kamu inaweza kupinduka na kukaa hivyo hivyo imevitanua viatu. Springi haziwezi kuirudisha. Gurudumu la mbele linanasa ukiwa mwendoni.

Mzee mmoja fundi wa Korogwe, aliyenifundisha mengi ya haya, aliushika mkono wa kamu yangu akanionyesha nukta mbili zisizotazamana.

"Mwanangu, nani alihamisha jino hapa?"

"Sijui, Mzee. Nimeikuta hivyo."

"Basi usiendeshe tena mpaka ununue shuu. Hii ilikuwa inakusubiri."

Nukta zikitazamana, shuu mpya zikawekwa, na bado mkono unapitiliza kona ya mraba, basi bapa za kamu zimelika au ngoma imekerezwa kupita kiasi. Kamu mpya haina bei ya kutisha. Ngoma iliyopanuka kidogo ndani ya kikomo inaweza kusaidiwa na mtu anayebandika lainingi nene na kuzichonga kufuata kipenyo chake. Ikivuka kikomo, tafuta haabu nyingine.

Shuu mpya

Shuu mpya haifungwi kama ilivyotoka kwenye boksi. Ikague kwanza: za bandia mara nyingi lainingi imebandikwa kombo, au gundi inaonekana imeacha mwanya ukingoni. Ukipenyeza ukucha ukaingia, rudisha dukani. Springi kuukuu zilizoregea zibadilishe pamoja na shuu.

Kisha chukua chaki na upake ndani ya ngoma yote. Funga shuu kwenye sahani, ingiza ndani ya ngoma, pitisha ekseli, vuta mkono wa kamu kidogo huku ukizungusha gurudumu mara moja au mbili. Fungua tena. Chaki itakuwa imekuandikia kila kitu: palipo peupe ndipo panapogusa. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuta alama mbili tu nyembamba, upana wa kidole kila moja, kwenye ncha za viatu. Hiyo ndiyo breki inayolia na kunasa. Sugua sehemu hizo kwa msasa, kidogo kidogo, paka chaki tena, jaribu tena. Mimi nilirudia mara sita, kazi ya nusu siku, hadi weupe ukafunika sehemu kubwa ya katikati. Ukingo ambao ngoma inauanza kwenye kila kiatu upunguze ukali kwa tupa, mteremko mdogo wa milimita chache. Mwishoni osha chaki yote na upanguse ngoma kwa spiriti. Petroli naikwepa, inaacha mafuta yake na inawaka kwa cheche yoyote.

Usishike lainingi kwa vidole vyenye grisi. Nawa kwanza.

Waya

Ukiona uzi mmoja tu umekatika karibu na kichwa cha waya, nunua mwingine. Waya wa baiskeli usiuweke, hata kama unaenea. Ni mwembamba kwa kazi hii. Waya mzima utundike msumarini, funga kipande cha nailoni mdomoni kama faneli, tia oili nyepesi uiache ishuke usiku kucha hadi idondoke chini. Kichwa chake kinapokaa kwenye leva kipate grisi, kwa sababu kikikauka hakizunguki, na hapo ndipo nyuzi huanza kukatika. Ukishaufunga, kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Waya usivutike wala kukunjika popote.

Kurudisha

Meno mawili ya gia ya spidomita yaingie kwenye nafasi zake kwenye haabu, la sivyo utayavunja ukikaza. Baada ya hapo kuna jambo moja ambalo ukilikosea, mengine yote hayana maana. Sahani ya breki ina mfereji, na mguu wa foki una kinundu cha chuma. Kinundu lazima kikae ndani ya mfereji. Hicho ndicho kinachoizuia sahani isizunguke na gurudumu. Kikiwa nje, breki ya kwanza utakayoshika itaizungusha sahani nzima, itavuta waya, na gurudumu litajifunga lenyewe. Pikipiki nyingine zina fimbo na bolti badala ya kinundu, na kazi yake ni ile ile. Mimi hutazama kwa macho, halafu nagusa kwa kidole, halafu namwita mtu mwingine naye atazame.

Ekseli ikishaingia, usikaze nati bado. Zungusha gurudumu kwa nguvu, vuta leva kwa nguvu, uishikilie hivyo hivyo. Shuu zikikumbatia ngoma zinaiweka sahani katikati yake kamili. Sasa, leva ikiwa bado imevutwa, kaza nati ya ekseli kwa kipimo cha kitabu cha chombo chako. Dakika hii moja inaleta tofauti ambayo vidole vitaisikia. Weka kotapini mpya.

Rekebisha chini kwanza, ukiacha kirekebishio cha juu kwenye leva katikati ya uzi wake ili kikusaidie njiani. Ncha ya leva iwe na mwendo mtupu wa milimita 20 hadi 30 kabla shuu hazijagusa. Gurudumu lizunguke bila kuburuzwa. Mkwaruzo mwepesi wa hapa na pale kwa shuu mpya si tatizo.

Jaribio la kwanza ni kwa miguu. Sukuma pikipiki uani, vuta breki, uone foki inazama na chombo kinasimama. Baada ya hapo tafuta barabara kavu, nyoofu, isiyo na watu. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, shika kwa vidole viwili, achia, tembea kidogo ipoe, rudia. Ongeza mwendo polepole. Epuka kuiburuza kwa muda mrefu siku hizi za mwanzo, maana lainingi ambayo haijakaa ikiungua inang'aa tena na utarudi kwenye msasa. Siku ya mvua kumbuka kwamba maji yakiingia kwenye ngoma, mvuto wa kwanza hautashika. Ukitoka kwenye dimbwi, shika kidogo kidogo huku unatembea hadi usikie inarudi.

Baada ya kilomita 100 hivi leva itakuwa imerefuka, kwa sababu shuu zimekaa. Kaza nati ya chini, kisha chuchumaa uitazame tena kona ya waya na mkono breki ikiwa imevutwa. Siku hiyo hiyo, tembea kilomita chache bila kugusa breki ya mbele, simama kwa ya nyuma, uweke kiganja kwenye haabu. Ikiwa ya vuguvugu, endelea na safari. Ikikuunguza, shuu zinaburuza: legeza nati nusu mzunguko, tembea tena, uiguse tena.